Lia Kwanza, Kisha Shukuru: Mwongozo Kamili wa Maombi Wakati wa Dhiki

Katika matanga ya Wakristo hapa Malindi, iwe Maweni, Muyeye au huko bara Ganze, hakosi mtu wa kushika kipaza sauti akamwambia mfiwa, "Mama, Biblia imesema tushukuru kwa kila jambo." Andiko lipo kweli, ni 1 Wathesalonike 5:18. Mfiwa huitikia "Amina" kwa sababu hana nguvu za kubishana. Usiku, wageni wakishatawanyika, ndipo anapojiuliza: nishukuru nini? Nishukuru kwamba baba watoto ameopolewa baharini akiwa maiti?

Mwongozo huu ni wa mtu huyo, pamoja na mgonjwa, aliyeachishwa kazi, na mkulima ambaye mahindi yake yamekaukia shambani. Mimi si mchungaji wala daktari. Nafundisha neno katika ushirika wa nyumba kwa nyumba, na msimamo wangu nautoa mapema: Mungu hamtaki mtu amshukuru kwa ajili ya ubaya uliompata. Anamtaka amshukuru akiwa ndani ya ubaya huo, na kabla ya kufika hapo amempa ruhusa pana ya kulia. Ukiruka kilio, shukrani yako itakuwa plasta juu ya kidonda chenye usaha.

Kabla ya kupiga magoti

Angalia kwanza kama dhiki yako ina mlango wa kugonga leo hii. Mtoto ana homa? Mpeleke akapimwe malaria, mwombee mkiwa njiani. Unapigwa nyumbani? Nenda kituo cha polisi, au piga 1195, namba ya taifa ya kusaidia wanaofanyiwa ukatili wa kijinsia. Mtoto anaumizwa? Namba ni 116. Hakuna unga? Mwambie mtu, hata kama unaona haya. Paulo alisafiri na Luka, ambaye yeye mwenyewe alimwita "tabibu mpendwa" (Wakolosai 4:14), wala hatusomi popote kwamba alimwambia afunge mkoba wa dawa ili imani ionekane. Yakobo 5:14 inamtaka mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Haikusema mgonjwa asiende kwa daktari.

Hatua ya kwanza: taja kinachokuuma

Tafuta wakati ambao nyumba imetulia. Kwa wengi wetu mjini ni alfajiri. Adhana ikishatoka, kabla tuktuk hazijaanza makelele, kuna utulivu mzuri, na Wakristo wengi wa Malindi huamka kwa adhana hiyo hiyo wala hawaoni ajabu. Anayelala chumba kimoja na watoto atoke nje, akae barazani au chini ya mwembe. Hahitaji mafuta ya kununua, chumvi wala kitambaa kilichoombewa.

Kisha sema. Usianze na "Baba mwingi wa rehema, mwenye enzi yote, uliyeumba mbingu na nchi" ukaendelea hivyo mpaka usingizi ukurudie. Sifa ni njema, lakini mtu mwenye maumivu mara nyingi hujificha nyuma yake. Bartimayo wa Yeriko kila mtu alimwona ni kipofu, na bado Yesu alimwuliza anataka afanyiwe nini. Akajibu kwa maneno machache: anataka kuona (Marko 10:51).

Sikiliza sala hizi mbili. Ya kwanza: "Bwana, uniangalie katika hali yangu." Ya pili: "Bwana, hoteli imefungwa tangu mwezi wa nne na wanasema watatuita msimu ukirudi. Kodi ni elfu nne. Mwenye nyumba amenipa mpaka Ijumaa, naogopa atakuja kung'oa mlango." Ya pili haina madaha, lakini anayeiomba anajua anachozungumza na Mungu. Ijumaa ikifika atajua pia kama amejibiwa, na amejibiwa namna gani.

Kama unaona aibu kusema kwa sauti, andika. Daftari la shule la mtoto lililobaki kurasa nyuma linatosha, na litakufaa tena kwenye hatua ya nne.

Hatua ya pili: omboleza

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu makanisa yetu hupita mbio. Kitabu cha Zaburi kina zaburi 150, na karibu theluthi moja ni za maombolezo. Jumapili tunaimba ya 23, ya 121 na ya 150. Zile za kulia tunaziacha kabatini, halafu mtu akifiwa hana maneno.

Anza na Zaburi ya 13. Ina mistari sita tu, unaweza kuishika kwa kichwa kwa juma moja. "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Katika mistari miwili ya kwanza Daudi anauliza "hata lini" mara nne. Anamlalamikia Mungu usoni kwa Mungu, na hakuna malaika anayemwambia nyamaza. Mistari miwili inayofuata anaomba: niangalie, niitikie. Miwili ya mwisho anasema amezitumainia fadhili za Mungu. Hali yake haijabadilika. Adui bado yupo.

Ukishaizoea, tunga ya kwako kwa mpangilio huo huo: mwite Mungu, lalamika, omba, kisha sema unamtumainia kwa lipi. Mvuvi anaweza kusema hivi:

"Ee Bwana, uliyewaita wavuvi kando ya bahari. Hata lini? Kusi inavuma tangu mwezi wa nne na mashua iko juu mchangani. Mashine niliyoikopea imezama, deni halikuzama. Watoto wamefukuzwa shule kwa karo. Nimekuita, nawe umenyamaza. Uniangalie. Nipe kibarua chochote mpaka kaskazi irudi, na umlainishe moyo yule anayenidai. Hukumwacha Petro azame. Bado nakuita wewe, maana sina mwingine."

Shukrani haimo ndani ya sala hiyo, wala si kosa. Kuna siku hata ule mstari wa matumaini hautatoka. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, hakuna nuru mwishoni, na waliokusanya Maandiko hawakuiongezea aya ya kuipamba. Kama siku yako ni ya Zaburi ya 88, isome hiyo, ufunge Biblia, uende kazini.

Vipi kuhusu hasira? Mwezi Juni 2014 watu zaidi ya 60 waliuawa Mpeketoni na maeneo ya jirani, kule kaunti ya Lamu. Mtu aliyempoteza ndugu kwa namna ile, ukimtaka juma lile lile atamke "nawasamehe," unamfundisha uongo mbele za Mungu. Zaburi ya 109 na ya 137 zina maneno makali mno juu ya adui, mengine yanatisha kuyasoma mbele ya watoto. Lakini tazama yanasemwa kwa nani. Yanasemwa kwa Mungu. Hasira iliyopelekwa kwake haihitaji tena kupelekwa kwa jirani ambaye hana hatia ila anafanana na adui kwa dini au kwa kabila. Msamaha una safari yake, na mahali pa kuianzia ni hapo.

Jambo dogo la kuongezea: lia kwa lugha uliyolelewa nayo. Nimewasikia akina mama wanaoomba Kiswahili kilichonyooka kama cha redio, wakiguswa wanaingia Kigiriama bila kujua, na hapo ndipo sala yenyewe inapoanza.

Hatua ya tatu: omba unachokitaka

Hii ni fupi. Omba uponyaji kama unataka kupona. Omba kazi kama unataka kazi. Usijifanye mkomavu kumliko Yesu, ambaye kule Gethsemane hakuanza na "mapenzi yako yatimizwe." Alianza na "uniondolee kikombe hiki," halafu ndipo akasema "walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe" (Marko 14:36). Sehemu zote mbili ziwemo, na kwa utaratibu huo.

Paulo aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, akajibiwa kwamba neema inamtosha (2 Wakorintho 12:8-9). Mwiba ukabaki. Kwa hiyo anayekuambia kwamba hukupona kwa sababu imani yako ni haba, amweleze Paulo kwanza. Na mtindo huu wa kumwamuru Mungu kwa kelele, "napokea, natangaza, nachukua kwa nguvu," mimi siupendi. Mtoto hamwamuru baba yake. Anamsumbua, ndiyo, anang'ang'ania, anarudi tena na tena, lakini anabaki mtoto.

Hatua ya nne: shukuru, lakini ujue unashukuru nini

Nenda kaburini kwa Lazaro, Yohana sura ya 11. Yesu amefika, Mariamu analia, naye analia machozi. Mistari michache mbele, kaburini pale pale, anainua macho na kusema, "Baba, nakushukuru kwa kuwa umenisikia." Hakushukuru kwa kifo cha rafiki yake. Hakumwambia Martha ashukuru kwamba ndugu yake amepumzika. Alilia, akashukuru kwa kusikiwa, na shukrani haikufuta machozi yaliyotangulia.

Usiku wa kusalitiwa ni vivyo hivyo. Mezani alitwaa mkate akashukuru, halafu akatoka kwenda bustanini kuomba mateso yampite. Shukrani ya mkate na kilio cha mateso vilitoka kinywani kimoja, usiku mmoja.

Basi namna ya kufanya ni hii. Jioni, kabla ya kulala, andika au sema mambo matatu ya siku hiyo ambayo ni mema kweli. Yawe ya leo, yawe madogo, na uyataje yalivyo. "Nashukuru kwa uhai na afya" haitoshi. Hiyo unaweza kuisema huku unasinzia. Mfano huu ni wa mke anayemuuguza mumewe aliyepatwa na kiharusi:

"Leo amemeza uji wote bila kupaliwa. Mama Fatuma kaleta mahamri na mbaazi, hakukaa kunihoji. Upepo ulivuma mchana, chumba hakikuwa na joto."

Hakuna hata neno moja la kusema kiharusi ni kizuri. Kesho yake anaweza kuamka akalia tena, akarudi hatua ya pili, na jioni akaandika mengine matatu. Siku mbaya ataandika moja. Siku mbaya zaidi ataandika "nimeifikia jioni," na hilo nalo liandikwe.

Kuna mitego, na wa kwanza ni neno "angalau." Angalau wewe una mguu mmoja. Angalau wako alikuwa mzee, wa fulani alikuwa kijana. Shukrani inayosimama juu ya msiba wa jirani ni ile ya Farisayo wa Luka 18, aliyesimama hekaluni akamshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine. Ukijikuta unalinganisha, futa, tafuta lingine.

Mtego wa pili ni kumshukuru Mungu kwa dhambi ya mtu. Kipigo cha mume mlevi, ubakaji, mtu aliyeghushi hati akakunyang'anya shamba: hayo hayaingii kwenye orodha, leo wala kesho. Mungu mwenyewe anayachukia.

Hapo watu hunitajia Yusufu. Si aliwaambia ndugu zake kwamba wao walimkusudia mabaya lakini Mungu aliyakusudia kuwa mema? Aliwaambia, Mwanzo 50:20. Lakini piga hesabu. Alikuwa na umri wa miaka 17 anapotajwa mwanzoni mwa kisa kile cha kuuzwa, na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Ikaja miaka saba ya shibe, miwili ya njaa, kisha Yakobo akaishi Misri miaka 17 mpaka kufa kwake. Neno lile alilisema baada ya hapo, karibu miaka 39 tangu shimoni. Na aliyelisema ni yeye aliyetupwa shimoni. Hakuna aliyechungulia shimoni siku ile akamwambia, "Kaka, Mungu ana kusudi." Ikiwa siku moja utaona kusudi la Mungu katika lililokupata, utalisema mwenyewe kwa wakati wako. Usilisemewe na watu.

Halafu shukrani ya Mungu iende na ya watu. Mbaazi za Mama Fatuma zilitoka kwa Mungu kwa mkono wa Mama Fatuma, na hakuna ubaya wowote kwamba yeye ataitikia "Alhamdulillahi" na wewe "Bwana asifiwe." Mrudishie bakuli lake likiwa safi, na kwa desturi yetu ya pwani lisirudi tupu. Embe mbili zatosha.

Siku ambayo maneno hayatoki

Zitakuja. Huzuni ikizidi hata Baba Yetu inakatikia katikati. Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo kunyamaza kwako mbele za Mungu kunahesabiwa. Azima maneno ya wengine: zaburi, utenzi ulioujua tangu utotoni, rozari kwa ndugu zetu Wakatoliki. Au sema "Bwana, unihurumie" kila unapovuta pumzi. Paulo na Sila wakiwa gerezani Filipi, miguu imefungwa kwenye mkatale, waliimba usiku wa manane (Matendo 16:25), lakini walikuwa wawili. Ukiwa peke yako, mpigie mtu simu akusomee. Wewe sikiliza tu.

Kufunga: hapa tusimame

Huwezi kuandika juu ya maombi ukiwa Malindi ukapita bila kutaja Shakahola. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule ulioko magharibi ya mji wetu. Watu walifundishwa wafunge kula mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Wengi walikufa kwa njaa. Kulikuwa na watoto waliouawa kwa kunyongwa au kuzibwa pumzi. Wengi waliokwenda huko walikuwa watu wa dhiki kama mimi na wewe, waliochoka na dunia, wakakuta mtu wa kuwaambia kwamba Mungu anapendezwa wakifa.

Soma 1 Wafalme 19. Eliya amechoka, ameketi chini ya mti jangwani anamwomba Mungu amtwae roho. Malaika anakuja, na neno lake la kwanza ni "Inuka, ule." Kando yake pana mkate uliookwa na gudulia la maji. Anakula, analala, anaamshwa tena ale. Mungu alipomjibu mtu aliyetaka kufa, alianza na chakula.

Kufunga kwenyewe ni jambo jema la kale la Kikristo na sitaki liogopwe. Lakini liwe na mipaka. Funga kutoka asubuhi mpaka jioni, maji unywe, na saa ya kufungulia uijue kabla ya kuanza. Mtu mmoja wa nyumbani ajue kwamba umefunga. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mzee dhaifu, mwenye kisukari, mwenye vidonda vya tumbo, anayetumia dawa za kifua kikuu au za virusi vya Ukimwi asifunge chakula. Afunge simu, au maneno ya kusengenya, ambayo kwa wengine ni kazi ngumu kuliko njaa. Na dawa hazifungwi kamwe.

Kiongozi yeyote anayekataza hospitali, anayetoa watoto shule, anayekutaka uuze shamba na ukate uhusiano na ndugu zako, ondoka kwake siku hiyo hiyo, kisha uende kwa chifu au polisi ukaseme. Usingoje kuombewa ndipo upate ujasiri.

Usitafute mchawi

Dhiki ikikaa sana, mtu huanza kuuliza ni nani. Kaunti yetu ya Kilifi imekuwa ikizika wazee waliouawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, wengine kosa lao ni mvi tu na kipande cha shamba ambacho vijana wanakitamani. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba mara nyingine tuhuma hizo huanzia kwenye mkutano wa maombi: nabii anatangaza kwamba adui yako yumo ndani ya ukoo, ni mtu wa karibu, ni mama mtu mzima. Baada ya hapo, nani atashangaa?

Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza, nani aliyetenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu akakataa yote mawili (Yohana 9:3). Mnara wa Siloamu ulipoanguka ukaua watu 18, akasema hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu (Luka 13:4). Basi ukiomba, ondoa swali la "nani" kabisa. Weka "nifanye nini sasa" na "nani wa kunisaidia." Na sala ikianza kukuonyesha sura ya bibi yako au jirani, simama, kunywa maji, tafuta mchungaji mwenye akili timamu uongee naye.

Kama wewe ndiwe unayekwenda kufariji

Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, hakuna aliyenena neno (Ayubu 2:13). Walifanya vizuri mno. Waliharibu walipofungua midomo.

Kwa hiyo ukifika, sema "pole" au "makiwa," kisha ukae. Angalia mitungi ya maji iko mitupu? Jaza. Kuna sufuria hazijaoshwa? Osha. Sukari, unga, majani ya chai na kuni vinakwisha siku ya tatu, si siku ya kwanza ambapo kila mtu amekuja na mfuko. Ukiombwa kuomba, omba kwa ufupi, na kabla hujafumba macho uliza, "Mama, ungependa tumwambie Mungu nini?" Nimeona mjane akijibu, "Mwanangu, mwambieni nimekasirika." Tukamwambia hivyo. Ile ilikuwa sala bora kuliko hotuba zote za siku ile.

Watu wa nje pia wanaangalia tunavyozika. Mwaka 1542 Francis Xavier, akiwa njiani kwenda India, alipita hapa Malindi akamzika Mreno mmoja aliyefia safarini, na katika barua yake aliandika kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na namna Wakristo walivyomzika mwenzao. Kijikanisa cha Wareno chenye makaburi bado kipo karibu na bahari. Katika barua hiyo hiyo anasimulia jinsi mkubwa mmoja wa mji alivyomwuliza kama makanisa ya kwao hujaa watu wa kuomba, maana Malindi ilikuwa na misikiti 17 na ni mitatu tu iliyokuwa ikihudhuriwa. Yaani malalamiko kwamba watu wameacha kusali ni ya zamani, tusifikiri yameletwa na simu.

Isipopungua, na ikipungua

Hatua hizi hurudiwa. Hazina siku ya kuhitimu. Lakini ikipita miezi na huli, hulali, huoni raha ya lolote, au umeanza kuwaza kujiua, hiyo huenda ni sonona, nayo ni ugonjwa kama shinikizo la damu. Nenda hospitali, mwambie daktari wazi wazi. Nenda na mtu, na mwambie mtu huyo kabla ya kwenda kwamba umewaza kujiua, kama umewaza, ili asikuache peke yako usiku huo. Kumeza dawa ya sonona si kumkana Kristo.

Ikipungua, rudi kushukuru mbele ya watu. Wenye ukoma walikuwa kumi, akarudi mmoja, naye Msamaria (Luka 17:16). Sadaka ya shukrani iwe ya uwezo wako. Yusufu na Mariamu walipokwenda hekaluni na mtoto, walitoa sadaka ya maskini, makinda ya ndege (Luka 2:24). Kuku mmoja, fungu la mchicha au mia mbili ndani ya bahasha inakubalika. Usikope ili uangushe pilau la shukrani, ukaanza dhiki nyingine juu ya hiyo.

Ukipewa nafasi ya ushuhuda, sema kilichotokea, usigeuze kuwa kanuni. "Nilifunga siku tatu na ya nne kazi ikaja" ni kweli kwako, lakini kwenye benchi la tatu kuna mtu aliyefunga mara nyingi kuliko wewe na bado anatembea akitafuta kibarua. Eleza pia ule muda uliolia na kukasirika, usiuruke. Dakika tatu zinatosha. Na kama ulipona hospitali, taja hospitali na dawa, maana huenda aliyeketi nyuma amekuwa akiogopa kwenda kupimwa.